Kata Majani, Usiyang'oe

Somo letu la leo ni majani yanayoota kuzunguka nyumba. Huenda utacheka. Utasema, "Toka lini majani yakawa somo? Si kazi ya jembe na fagio tu?" Hata mie nilidhani hivyo hivyo. Basi soma polepole. Ukichoka, weka alama pale ulipoishia, pumzika, kisha uendelee.

UWANJA MWEUPE

Hapa Kitomanga, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Lindi na Kilwa, nyumba inayosifiwa ni ile yenye uwanja mweupe. Uwanja mweupe ni uwanja usio na jani hata moja. Asubuhi unafagiwa. Majani yakichipua, mwenye nyumba huchukua jembe akayaparura pamoja na mizizi yake. Mgeni akifika husema, "Ah, hapa pana watu!"

Desturi hii ina maana yake. Katika uwanja mweupe nyoka huonekana mapema. Mtoto mchanga hutambaa bila kuchomwa na miiba. Ufuta ukipukutika unafagilika, na muhogo unaanikwa vizuri. Kwa hiyo siwadharau wazee wetu. Lakini uwanja mweupe una deni, na deni hilo hulipwa siku ya mvua.

Mimi nimelilipa. Nilijenga nyumba yangu kwa miti na udongo, nikaezeka bati. Kila Jumamosi nilishika jembe nikaparua pande zote nne. Jirani yangu ni bibi mtu mzima sana, ambaye hupenda kukaa barazani kwake asubuhi. Siku moja nilimwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hivi wewe hapo unafagia au unalima?"

"Nasafisha, bibi. Sitaki majani."

"Haya, safisha. Lakini tazama miguu ya nyumba yako."

Nilicheka tu, nikaendelea na jembe. Sikumwelewa. Nilipojenga, kizingiti cha mlango kilikuwa karibu sawa na ardhi. Baada ya miaka sita nilikuwa nimeweka jiwe la kupandia, maana mlango ulikuwa juu. Nilifikiri jiwe lile ni urembo. Kumbe nyumba haikupanda. Ardhi ndiyo iliyoshuka. Jembe lililegeza udongo, fagio likausogeza, mvua ikauchukua ukaenda bondeni.

Mwezi wa Januari 2020 mvua kubwa ilinyesha katika mkoa wetu wa Lindi. Mafuriko yaliua watu na kubomoa nyumba nyingi, hasa upande wa Kilwa. Kwangu hapakufika mto wala bahari. Yalifika maji ya paa langu mwenyewe. Usiku, saa nane hivi, pembe ya nyumba ilianguka. Wanangu wawili hulala pembe ile. Usiku ule bati lilikuwa likivuja juu ya kitanda chao, mama yao akawahamishia chumba chetu. Ndiyo salama yao. Asubuhi tulikuta tope na fito juu ya kitanda.

Nyumba ya bibi ni ya udongo vilevile, na ni ya zamani kuliko yangu. Haikutikisika. Kuzunguka kuta zake pana ukoka mfupi, umeshikana kama jamvi. Bibi haparui. Anawaambia wajukuu wakate kwa fyekeo, basi.

KWA NINI MAJANI HUSHIKA UDONGO

Fanya jaribio hili, wewe na wenzako wa kisomo. Chukua masinia mawili ya zamani. Katika sinia la kwanza weka udongo mtupu wa uwanjani. Katika la pili weka pande la udongo lenye ukoka wake, ulilolikata kwa jembe pamoja na mizizi. Inua kila sinia upande mmoja kwa jiwe, lilale mteremko. Sasa mwaga kopo moja la maji katika kila sinia, kutoka juu, kama mvua. Kinga maji yanayotoka chini kwa bakuli.

Maji ya sinia la kwanza yatakuwa mekundu au meusi. Hiyo ni ardhi yako inayoondoka. Maji ya sinia la pili yatakuwa meupe zaidi, tena yatatoka polepole.

Sababu ni hii. Tone la mvua linapoanguka juu ya udongo mtupu huupiga kama nyundo ndogo. Udongo hupasuka, chembe zake huruka, na maji yanayotiririka huzibeba. Palipo na majani, tone hupiga jani kwanza. Nguvu yake hupungua. Mashina hupunguza mbio za maji, na mizizi hushika udongo chini. Udongo wetu wa pwani mahali pengi ni wa mchanga, nao hubebeka upesi. Mahali pabaya zaidi ni pale chini ya ukingo wa paa, kwenye mchirizi. Maji ya paa zima huanguka mstari mmoja.

LAKINI MAJANI MAREFU NI ADUI

Hapa mtu asinielewe vibaya. Sikusema tuache pori liingie ndani. Majani marefu karibu na nyumba ni hatari.

Yuko kifutu, nyoka mnene mwenye rangi ya majani makavu. Nyoka wengine wakisikia hatua hukimbia. Kifutu mara nyingi halali mbali na njia, wala hakimbii. Hutulia palepale, na mtu humkanyaga. Aliyeumwa na nyoka atulizwe, mguu au mkono ulioumwa usitikiswe, apelekwe haraka kituo cha afya. Asichanjwe kwa wembe wala asifungwe kamba ya kukaza.

Uko moto. Kiangazi, toka Juni mpaka Oktoba, majani hukauka, watu huchoma mashamba, na upepo haumwulizi mtu njia. Moto ukipata majani marefu hufika kwenye makuti kwa dakika chache. Ukikuta majani mafupi huishiwa nguvu, na unaweza kuupiga kwa matawi mabichi ukafa.

Wapo na mbu. Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili katika Tanzania walikaa kwenye vikundi vya kusikiliza redio, wakasoma vitabu vyao, kisha wakatoka kuchimba vyoo, kufukia madimbwi na kufyeka majani. Ilikuwa kazi kubwa, na wengi walijifunza kusoma na afya kwa pamoja. Lakini tuliweke sawa jambo moja. Mbu wa malaria hazaliwi kwenye majani. Huzaliwa kwenye maji yaliyotuama. Majani marefu huweza kumpa kivuli cha kupumzika mchana, basi. Ukikata majani yote ukaacha dimbwi nyuma ya jiko, umefanya nusu ya kazi. Na kifuu cha nazi chenye maji kilichojificha majanini huzaa mbu wa homa ya dengi. Majani yakiwa mafupi utakiona kifuu hicho na kukipindua. Chandarua kibaki palepale kitandani.

Basi njia ni ya katikati. Majani yawepo, yawe mafupi.

KUPANDA UKOKA

Majani mazuri kwa kazi hii ni ukoka. Wote tunaujua. Unatambaa chini, kila kifundo kinatoa mizizi, na ukikanyagwa haufi. Jua likiuchoma hugeuka rangi ya majivu, mvua ya kwanza ikinyesha unaamka.

Panda mvua zikishaanza vizuri, Desemba au Januari. Kata vikonyo vyenye vifundo vitatu au vinne. Vichomeke kwenye udongo uliolainishwa, kila kimoja shibiri moja kutoka kwa mwenzake. Acha ncha ionekane juu. Ng'oa magugu mengine mpaka ukoka ushikane.

Usiufikishe uwanja wote. Mbele ya mlango na mahali pa kuanikia acha peupe kama desturi. Karibu kabisa na ukuta acha upana wa shibiri moja bila majani, udongo ushindiliwe vizuri, ili uuone mchwa anapopanda. Kwenye mchirizi panga mawe, kisha ukoka uanzie hapo. Nami ninaonya: ukoka huohuo ukiingia shambani kwako utaulaani. Chimba kijifereji kati ya uwanja na bustani, na ukiona unavuka, ukate.

FYEKEO NA MASHINE

Wengi wetu hukata kwa fyekeo, wengine huliita kwanja. Ni chuma chembamba chenye ncha iliyopindwa na mpini. Ni chombo kizuri, bei yake ni ndogo, na hukata majani ya urefu wowote. Lakini hukata kwa kupiga. Mkono hurushwa, mgongo huinama, jiwe likiguswa huruka. Watoto wakae mbali. Tena si rahisi kukata sawasawa. Hapa utaacha kichaka, pale utachuna mpaka udongo, na pale palipochunwa ndipo mvua itaanza kula.

Mashine ya kusukuma ni kitu kingine. Haina injini, haili petroli, haina kelele. Zamani tuliziona kwenye bustani za nyumba za maofisa, kwenye misheni, na kwenye viwanja vya mpira vya mjini. Mtu alishika mpini akaenda mbele, majani yakaruka kama maji. Watoto tulisimama kutazama.

Aliyeibuni ni Mwingereza, Edwin Budding, mwaka 1830. Wilaya yao ya Gloucestershire ilikuwa na viwanda vya kufuma nguo za sufu. Kitambaa kikishafumwa kilikuwa na manyoya manyoya juu, na kulikuwa na mashine yenye visu vya kuzunguka ya kuyakata ili kitambaa kiwe laini. Budding aliitazama mashine ile akawaza, ikiwa inakata manyoya ya kitambaa, kwa nini isikate majani ya ardhi? Kabla ya hapo majani ya nyumba kubwa za Uingereza yalikatwa kwa mundu wa mpini mrefu, au yaliliwa na kondoo. Kuna atakayesema, "Basi mie nitafunga mbuzi." Mbuzi sawa. Lakini mbuzi huchagua. Atakula hapa, ataacha pale, kisha atakata kamba aende kwenye muhogo wa jirani, nawe uende kwa mwenyekiti wa kitongoji.

JINSI MASHINE INAVYOKATA

Mimi nilipata mashine kuukuu mjini Lindi, kwa mtu aliyekuwa anahama. Siku ya kwanza haikukata kitu. Ilipita juu ya ukoka kama gari la watoto. Nikasema nimeibiwa. Kumbe sikuijua.

Itazame vizuri. Ina magurudumu mawili pembeni. Katikati vipo visu vitano au sita vilivyopindwa kidogo, vimeshikwa kwenye mhimili mmoja, vinazunguka pamoja. Chini yake kipo kisu kimoja kirefu ambacho hakizunguki. Hicho ndicho kisu cha chini. Nyuma kuna gogo la kubiringika, na mwisho mpini.

Unaposukuma, magurudumu yanazunguka. Ndani ya magurudumu kuna meno, kama ya baiskeli, ambayo huzungusha visu kwa kasi kuliko magurudumu yenyewe. Kila kisu kinapopita hubana majani dhidi ya kisu cha chini na kuyakata. Yaani ni mkasi. Fyekeo hupiga, mashine hii hukata kama mkasi wa fundi cherehani. Ukiivuta nyuma visu havizunguki, utasikia tu kre-kre-kre, kama baiskeli unapoacha kukanyaga pedeli.

Sasa, mkasi uliolegea haukati nguo, huitafuna. Ndivyo mashine yangu ilivyokuwa. Visu vilikuwa mbali na kisu cha chini. Pande mbili za kisu cha chini kuna bolti za kukaza na kulegeza. Kaza kidogo kidogo, upande huu kisha upande ule. Ukitaka kujua kama imefika, chukua ukanda wa karatasi ya gazeti. (Usichane ukurasa huu kabla mwenzako hajausoma!) Ushike ukanda kwa ncha yake, uingize kati ya kisu cha kuzunguka na kisu cha chini, kisha mtu mwingine azungushe gurudumu polepole. Karatasi ikikatika safi, vizuri. Ikikunjika, bado imelegea. Jaribu kushoto, katikati na kulia. Visu vikikwaruzana kwa nguvu na mashine ikawa nzito, umekaza mno. Legeza.

Gogo la nyuma nalo hupandishwa na kushushwa. Likishuka, visu huinuka na majani hubaki marefu. Likipanda, majani hukatwa chini zaidi. Kwa uwanja wa nyumba acha majani ya vidole vitatu, yaani sentimita 5 hivi. Watu wengi wakipata mashine hutaka kunyoa kipara. Wakifanya hivyo jua la kiangazi huunguza mizizi, ukoka hufa viraka viraka, nasi tumerudi kwenye uwanja mweupe.

KUSUKUMA

Kwanza pita uwanja mzima kwa miguu. Okota mawe, vijiti, vifuu, kokwa za embe, misumari. Hapa kwetu korosho moja iliyodondoka inatosha kusimamisha mashine. Nimeona jino la kisu limepinda kwa ajili ya korosho moja, tena mbovu.

Ngoja umande ukauke. Majani mabichi yenye maji hugandamana kwenye visu. Saa tatu au saa nne asubuhi ni nzuri, au jioni jua likipungua.

Kama majani yamepita kiganja kwa urefu, usihangaike na mashine. Majani marefu hulala mbele yake, inapita juu, nyuma yanainuka yakikucheka. Yapunguze kwanza kwa fyekeo. Acha siku tatu nne yasimame, ndipo ulete mashine. Na usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Theluthi ni fungu moja kati ya mafungu matatu yaliyo sawa. Majani yakiwa sentimita 9, kata sentimita 3, yabaki 6. Ukikata mengi kwa pigo moja ukoka hupata mshtuko, mizizi yake hudhoofika, na sisi tunataka mizizi. Masika utakata kila wiki. Kiangazi huenda mara moja kwa mwezi, au usikate kabisa.

Shika mpini usawa wa kiuno, mikono imekunjwa kidogo, mgongo umenyooka. Anza kutembea ndipo usukume, usiishtue. Mwendo uwe wa mtu anayekwenda dukani bila haraka, lakini asisimame kila hatua. Nenda moja kwa moja mpaka mwisho, geuka, rudi, na mstari wa pili ulale juu ya wa kwanza kwa upana wa vidole vitatu ili usiache nywele katikati. Safari nyingine kata kwa upande mwingine, mashariki kwenda magharibi badala ya kusini kwenda kaskazini. Majani yakikatwa kila siku upande mmoja huzoea kulala upande huo.

Yaliyokatwa yakiwa mafupi yaache palepale. Huoza na kuwa mbolea ya ukoka wenyewe. Yakiwa marefu yakusanye, mpe mbuzi au weka kwenye shimo la mboji.

Sasa nisikilize hapa. Mashine hii haina injini, na kwa hiyo watu huidharau. Kijana mmoja jirani yangu aliona kijiti kimekwama kati ya visu. Akaweka kidole, akakivuta. Visu vilikuwa vimebanwa na kile kijiti, vina nguvu ndani yake. Kijiti kilipotoka, visu vikaruka robo mzunguko. Alipoteza ncha ya kidole cha shahada. Kitu kikikwama, vuta mashine nyuma kwanza. Kikikataa, simama nyuma ya mashine, zuia magurudumu kwa mawe, ondoa kwa kijiti kingine kirefu. Vidole kamwe. Wala mtoto asiichezee, hata ikiwa imesimama ukutani. Anayezungusha gurudumu kwa mkono anazungusha visu pia, na mwenzake huenda ameweka mkono.

KUNOA NA KUTUNZA

Visu vikiwa butu ncha za majani hazikatiki, huchanika. Baada ya siku mbili uwanja wote huonekana mweupe mweupe kwa juu. Hapo si ugonjwa, ni visu.

Usinoe kwa tupa kila kisu peke yake. Nilijaribu. Kisu kimoja kikawa kifupi kuliko wenzake, mashine ikawa inakata hatua na kuruka hatua. Njia nzuri ni kumwendea fundi wa magari au wa baiskeli. Wao wanao ule uji mzito wenye mchanga laini sana, wa kusagia vali za injini. Unapakwa kwenye makali ya visu vyote, kisha visu vinazungushwa kinyumenyume, taratibu, huku vikigusa kisu cha chini. Visu na kisu cha chini vinanoana vyenyewe kwa vyenyewe. Halafu uji ule ufutwe wote, usibaki hata kidogo, la sivyo utaendelea kusaga chuma. Kaza tena, jaribu karatasi. Ukitunza vizuri, mara moja kwa mwaka inatosha.

Hewa yetu ya pwani ina chumvi, na chumvi ni adui wa chuma. Ukimaliza kukata, sugua majani kwa brashi, futa kwa kitambaa kikavu, pitisha mafuta mazito kidogo kwenye visu. Hata oili chafu ya gari inafaa. Tia matone mawili matatu kwenye mihimili ya magurudumu. Iweke ndani, si chini ya mwembe.

Je, kila mtu anunue mashine? Hapana. Nasema wazi. Mwenye uwanja mdogo, fyekeo kali linamtosha, mradi asishuke mpaka udongo. Chini ya mikorosho pia mashine haifai, maana kuna mizizi, visiki na mashimo. Pale kata kwa fyekeo kabla korosho hazijaanza kudondoka, uzione zikianguka na moto usipate njia. Lakini shule, zahanati, msikiti, kanisa, au wenye kiwanja cha mpira, na hata kaya tano zilizojirani, wakichangia mashine moja hawatajuta. Wapange zamu, na mtu mmoja tu awe mwenye kukaza bolti. Wakikaza watu watano, hakuna atakayekata.

Nilipojenga upya ile pembe nilianza na mawe chini, kisha nikapanda ukoka pande tatu za nyumba. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuja na mvua zake. Barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika upande wa Kilwa, mabasi na malori yakakwama. Hapa kwangu maji yalishuka kutoka batini usiku kucha. Asubuhi nilizunguka nyumba kutazama. Siwezi kusema ni majani peke yake, maana mawe nayo yalikuwepo. Lakini maji yaliyokuwa yakitoka uwanjani yalikuwa karibu meupe, na ya upande wa nne, ambao sikuwa nimeupanda, yalikuwa mekundu. Upande huo nimeupanda Desemba iliyofuata. Bibi alinitazama toka barazani kwake, akasema, "Leo hulimi, mjukuu wangu?" Nikamjibu, "Leo napanda, bibi."

MANENO MAPYA

Mchirizi: mstari ardhini ambapo maji ya paa huangukia.
Mhimili: chuma kinachobeba kitu kinachozunguka.
Kuparua: kukwangua ardhi kwa jembe bila kulima chini.
Butu: isiyo kali.

HESABU

Uwanja una urefu wa mita 20 na upana wa mita 10. Mashine inakata upana wa sentimita 30, lakini kila mstari unalala juu ya mwenzake kwa sentimita 5. Kwa kukata uwanja wote, utatembea mita ngapi?

Jibu: 30 toa 5 ni sentimita 25 kwa kila mstari. Mita 10 ni sentimita 1,000. Gawanya 1,000 kwa 25, utapata mistari 40. Kila mstari ni mita 20. Mara 40 ni mita 800, kwenda na kurudi. Hata kilomita moja haifiki. Sasa pima uwanja wako kwa hatua, hatua moja ndefu uihesabu mita moja, ufanye hesabu yako mwenyewe.